Vepu ni salama au ni sumu? Jibu kwa mama aliyetumiwa habari mbili zinazopingana

Swali: Daktari, habari za kazi. Mume wangu amevuta sigara tangu ujana wake. Mwezi uliopita alihamia kwenye vepu, yaani sigara ya kielektroniki, akanionyesha kwenye simu ukurasa unaosema vepu ni salama kwa asilimia 95 na kwamba serikali ya Uingereza yenyewe imethibitisha. Dada yangu naye akaleta kwenye grupu la familia video inayosema vepu inaleta "mapafu ya bisi" na ni mbaya kuliko sigara. Juzi nikakuta kifaa kama hicho, cha ladha ya embe, kwenye begi la mwanangu wa kidato cha tatu. Naye ana kurasa zake za kunionyesha. Kila mtu nyumbani ana ushahidi wa mtandaoni. Nimwamini nani? Mama wa watoto watatu, Mombasa.

Jibu: Dada yangu, ahsante kwa kuuliza kabla ya kugombana na mtu. Nakupa jibu lenyewe kwanza, kisha nikueleze limetoka wapi. Ujumbe wa mumeo una ukweli mkubwa ndani yake, lakini unamhusu mtu kama yeye, ambaye tayari amezoea sigara, na unahusu bidhaa zinazouzwa chini ya sheria kali. Ujumbe wa dada yako umekosea ugonjwa na umekosea ulinganisho, ingawa hofu yake haikuzuka tu. Na kati ya habari hizo mbili hakuna hata moja iliyokuwa ikimzungumzia mwanao, ambaye ndiye ningeanza naye leo jioni.

Tuichukue hiyo asilimia 95. Ilitangazwa Agosti 2015 na Public Health England, iliyokuwa taasisi ya afya ya umma ya Uingereza, katika ripoti ya watafiti wa King's College London na Queen Mary. Lakini chimbuko lake ni la nyuma kidogo. Julai 2013 jopo la wataalamu lilikutana London kwa siku mbili, likapanga bidhaa 12 zenye nikotini, kuanzia sigara ya kawaida hadi plasta ya kubandika ngozini, kwa kutumia vigezo 14 vya madhara. Sigara ikapata karibu alama 100, sigara ya kielektroniki ikapata 4. Matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Kwa hiyo namba hiyo haikutokana na kufuatilia wagonjwa miaka nenda miaka rudi. Ni makadirio ya watu wenye ujuzi walioketi wakajadiliana, na wao wenyewe waliandika kwamba kwa bidhaa nyingi, ushahidi wa moja kwa moja wa madhara ulikuwa mchache. Mwezi uleule wa Agosti 2015 jarida la The Lancet liliishambulia vikali taasisi ile kwa kuiegemeza kauli nzito namna hiyo juu ya msingi mwembamba.

Je, namba ni ya kutupwa? Hapana, na hapa ndipo wengi wanaoikosoa wanapopitiliza. Sigara inaungua. Moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani, achilia mbali lami inayoganda kwenye mapafu na kaboni monoksaidi inayopora nafasi ya oksijeni kwenye damu. Vepu haiunguzi kitu. Koili, yaani waya mdogo ulio ndani yake, inapashwa moto na betri, inageuza kuwa mvuke majimaji yenye propilini glaikoli, gliserini, ladha na nikotini. Mvuke huo si hewa safi: umekutwa na chembe ndogo za metali zinazotoka kwenye koili, kama nikeli na risasi, na ladha nyingine zinawasha njia za hewa. Hata hivyo sumu nyingi za moshi wa sigara ama hazimo kabisa ama zimo kwa kiasi kidogo mno. Akademia za kitaifa za sayansi za Marekani zilipitia tafiti zaidi ya 800, na Januari 2018 zikatoa hitimisho kwamba mvutaji anayeiacha sigara kabisa na kubaki na vepu peke yake anapunguza kiasi cha sumu kinachoingia mwilini. Ushahidi wa jambo hilo waliuweka kwenye daraja la juu kuliko yote. Mwaka 2022 ripoti nyingine ya King's College ikarudia hoja hiyo kwa uangalifu zaidi: kwa muda mfupi na wa kati, hatari ya vepu ni sehemu ndogo tu ya hatari ya sigara, lakini hatari ipo, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta.

Sasa linganisha maneno hayo na ule ukurasa kwenye simu ya mumeo. Wataalamu walisema "hatari ndogo kuliko sigara". Ukurasa unasema "salama". Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sigara inaua hadi nusu ya wanaoivuta wasipoiacha. Kitu kinaweza kuwa na hatari ndogo sana kuliko hiyo na bado kikawa kitu ambacho usingetaka kimguse mtoto wako. Namba ni ileile, lakini swali lililoizaa limekatwa. Kila unapoona habari ya vepu yenye namba, tafuta kwanza namba hiyo inalinganisha nini na nini. Usipopata jibu ndani ya habari yenyewe, usiitumie kuamua.

Mapafu ya bisi nayo ina historia ya kweli. Mwaka 2000 iligundulika kwamba watu wanane waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha bisi huko Jasper, jimbo la Missouri, walikuwa na ugonjwa adimu unaotia makovu kwenye vijia vidogo kabisa vya hewa mapafuni. Makovu hayo hayarudi nyuma. Walikuwa wakivuta siku nzima mvuke wa ladha bandia ya siagi, na kemikali iliyoshukiwa zaidi ni daiasetili. Desemba 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wakapima ladha 51 za vepu, wakaikuta daiasetili katika 39. Vichwa vya habari vikajiandika vyenyewe.

Kisichosemwa kwenye video ile ni kwamba daiasetili imo pia kwenye moshi wa sigara, tena kwa kiasi kikubwa kuliko kilichokutwa kwenye vepu, kwa hiyo huwezi kuitumia kemikali hiyo kudai vepu ni mbaya kuliko sigara. Uingereza ilikwisha kuipiga marufuku kwenye majimaji ya vepu yenye nikotini, na shirika la Cancer Research UK limeandika wazi kwamba hakuna ushahidi mzuri kwamba vepu inasababisha ugonjwa huo. Lakini marufuku ya Uingereza inalinda chupa inayouzwa Uingereza. Kifaa kilichonunuliwa mtandaoni au kibandani, kisichopimwa na mamlaka yoyote, hakina anayekidhamini.

Nadhani hofu ya dada yako imelishwa zaidi na mambo ya Marekani ya mwaka 2019, maana picha za vijana waliolazwa na mirija ya oksijeni zinazunguka hadi leo. Katikati ya mwaka ule vijana waliokuwa wazima walianza kufikishwa hospitalini wakihema kwa shida, mapafu yamejeruhiwa vibaya. Hadi Februari 2020 wagonjwa waliorekodiwa walikuwa 2,807, na 68 walikufa. Mwanzoni, hakuna aliyejua chanzo, na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kiliwatahadharisha watu dhidi ya vepu zote. Ilikuwa tahadhari sahihi kwa wakati ule. Baadaye wachunguzi waliosha mapafu ya wagonjwa 51 kwa maji maalumu na kuyapima: 48 kati yao walikuwa na vitamini E asetati, mafuta mazito yaliyotumika kuchakachua vepu za bangi za mitaani. Kwa watu 99 wenye afya waliopimwa kwa kulinganisha, haikuonekana hata kwa mmoja. CDC ikabadilisha ushauri wake, ikaelekeza kidole kwenye vepu zenye kilevi cha bangi, hasa zile zinazotoka kwa marafiki na wauzaji wa mitaani.

Ushauri ulibadilika, lakini makala za Agosti na Septemba 2019 hazikufutwa, na video zilizotengenezwa kutokana nazo zinasambazwa kama habari za jana. Tarehe kwenye habari ya afya si pambo. Dada yako hakusema uongo. Amesambaza onyo la wakati ambapo wachunguzi wenyewe walikuwa bado gizani.

Kuna wasomaji watakaoniambia: basi tusome majarida ya kisayansi peke yake, tuachane na video. Ni ushauri mzuri, ila hautoshi. Juni 2019 jarida la chama cha moyo cha Marekani lilichapisha utafiti uliohusisha vepu na mshtuko wa moyo. Ukatangazwa dunia nzima. Wakosoaji walipoziangalia takwimu zilezile, wakakuta baadhi ya waliohesabiwa walikuwa wamepata mshtuko wa moyo kabla hawajaanza kuvuta vepu. Februari 2020 jarida likauondoa utafiti huo rasmi. Nikotini inaongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hilo halina ubishi, na mtu mwenye ugonjwa wa moyo ana sababu ya kuwa mwangalifu. Lakini utafiti ule haukuthibitisha ulichodai, na hadi leo wapo wanaouweka kwenye mabango ya onyo. Ukitaka kukagua, andika jina la utafiti kwenye PubMed, maktaba ya wazi ya tafiti za tiba. Kama umeondolewa, utakuta tangazo juu kabisa ya muhtasari. Nakala iliyopigwa picha na kutumwa WhatsApp haiji na tangazo hilo. Programu za akili mnemba nazo zinaweza kukuchanganyia la zamani na la sasa katika sentensi moja nzuri; ziombe jina la utafiti, kisha ukautafute mwenyewe.

Upande wa pili kuna fedha, na hapo nakuomba uwe mkali zaidi. Mwaka 2018 kampuni mama ya Marlboro nchini Marekani, Altria, ilinunua asilimia 35 ya kampuni ya vepu ya Juul kwa dola bilioni 12.8. Mwaka 2021 jarida moja la Marekani, American Journal of Health Behavior, likatoa toleo maalumu lenye makala 11 za kisayansi kuhusu Juul, zote zimegharamiwa na Juul, na kampuni ikalipa dola 51,000 ili kila mtu azisome bure. Ukizikuta mtandaoni zina sura yote ya sayansi: majedwali, marejeo, jina la jarida. Ufadhili umetajwa humo, lakini ni nani anayesoma mpaka mistari ya mwisho? Mimi huanzia hapo. Nashuka hadi kwenye sehemu ya ufadhili na maslahi ya waandishi kabla ya kusoma neno lolote la matokeo, na hilo hata wewe unaliweza kwa simu yako. Utafiti uliolipiwa na kampuni haugeuki kuwa uongo kwa sababu hiyo, ila nataka kuona wengine wasiolipwa wamepata matokeo kama hayo.

Kwa vijana mambo hayaji hata kwa sura ya sayansi. Juni 2019 mamlaka mbili za Marekani ziliandika barua za onyo kwa kampuni nne za majimaji ya vepu, kwa kuwa watu maarufu waliowasifia bidhaa zao Facebook, Instagram na Twitter hawakuweka lile onyo la lazima kwamba nikotini inaleta uraibu. Ukurasa anaokuonyesha mwanao, wenye kijana anayepuliza mawingu ya moshi na kusema "ni mvuke tu", uangalie kwa jicho hilo. Mara nyingi utakuta kiungo cha kununulia, au namba ya kuponi yenye jina la huyo kijana.

Basi tukiangalie kile kifaa cha embe. Kichukue, ukigeuze, usome maandishi madogo. Utaona namba mbili: nguvu ya nikotini na ujazo. Nguvu huandikwa kwa miligramu kwa kila mililita au kwa asilimia. Asilimia 5 ni kama miligramu 50 kwa mililita, asilimia 2 ni kama 20. Zidisha kwa ujazo. Kifaa cha mililita 10 chenye asilimia 5 kina miligramu 500 za nikotini ndani yake. Ili ujue ukubwa wake, katriji ya Juul ya mililita 0.7 ilikuwa na takriban miligramu 40, na kampuni yenyewe iliinadi kama sawa na pakiti moja ya sigara 20. Kwa kipimo hicho cha muuzaji, kifaa kama hicho kwenye begi la shule kinazidi pakiti 12. Nikotini ya siku hizi, hasa hii ya chumvi inayochanganywa na asidi, haikwaruzi koo kama zamani, kwa hiyo mtoto halazimiki kuacha kwa sababu ya kikohozi. Uingereza inaruhusu mwisho miligramu 20 kwa mililita na tangi la mililita 2, inakataza kuongeza vitamini, na tangu Juni 2025 imepiga marufuku vepu za kutupa baada ya matumizi. Kwa hiyo kama lebo ya mwanao inasoma asilimia 5, ile namba ya Waingereza aliyoisoma baba yake haikihusu kifaa hicho. Uganda, jirani zetu, walikataza sigara za kielektroniki kwenye sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015.

Mtoto wa umri wake hana sigara ya kuiacha. Kumwambia vepu ina hatari ndogo kuliko sigara ni kama kumwambia mtu asiye na safari apande matatu kwa kuwa ni salama kuliko bodaboda. Ubongo unaendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, na nikotini inashika haraka zaidi kwenye ubongo mchanga. Umakini na hisia za kijana zinaguswa. Ile ripoti ya akademia za Marekani ya 2018 ilikuta pia ushahidi mzito kwamba vijana wanaotumia vepu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kujaribu sigara baadaye. Usianze na kofi wala na video ya mapafu ya bisi, maana ataitafuta, atakuta wanaoikanusha, na hatakuamini tena kwa jambo jingine lolote. Muulize anavuta mara ngapi, anapata wapi, na kama anaihitaji punde tu anapoamka. Akikubali la mwisho, au ukimwona ana hasira na hatulii anapoikosa, huo ni uraibu unaohitaji msaada wa kliniki, si adhabu. Muulize pia, bila kumtisha, kama kuna mtu aliyewahi kumpa yenye bangi. Umeona kilichowapata wale wa 2019.

Mumeo nisingemzuia. Shirika la Cochrane, linalokusanya majaribio yote ya jambo moja na kuyapima kwa pamoja, na ambalo halichukui fedha za viwanda kwa mapitio yake, lilikadiria mwaka 2022 kwamba kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha sigara kwa vepu yenye nikotini, 8 hadi 12 hufanikiwa, dhidi ya 6 wanaotumia plasta au chingamu za nikotini. Muhtasari wake umeandikwa kwa lugha nyepesi na unasomeka bure. Katika jaribio moja la Uingereza la watu 886, lililochapishwa 2019, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa hawavuti sigara baada ya mwaka, dhidi ya 9.9 ya wenzao waliopewa plasta, chingamu na tiba nyingine za nikotini. Lakini katika hao waliofanikiwa kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta. Mwambie hilo nalo. Na mwambie kwamba faida inakuja akiitupa sigara kabisa. Akivuta vepu ofisini na sigara barazani jioni, sumu za moshi bado anazinywa. Wapange tarehe ya sigara ya mwisho na daktari wake, kisha baada ya miezi kadhaa waanze kupunguza nguvu ya nikotini. Asivutie ndani, na asinunue kitu kisicho na lebo.

Kwa kuwa una wadogo wengine nyumbani, chupa na katriji zikae juu, pamefungwa. Majimaji hayo yananukia tunda, na mtoto mdogo akiyanywa kidogo tu anaweza kutapika, kupatwa na degedege au kushindwa kupumua. Hospitali hapohapo, usisubiri dalili. Na mtu yeyote nyumbani anayetumia vepu akianza kuhema kwa shida, kuumwa kifua, homa au kutapika, mpeleke mara moja na ubebe kifaa chenyewe, ili daktari ajue kilichokuwamo.